Matete ya Baba Yetu, Bundala Mashimba

Baba yetu mpendwa, Bundala Mashimba, alizaliwa saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi tarehe 9 Septemba 1961, Shishiyu, wilayani Maswa, akasoma huko huko hadi darasa la saba mwaka 1976, na mwaka 1984 akahamia hapa Lamadi kuvua. Tarehe 18 Juni 1988 alifunga ndoa Malampaka na mama yetu Generoza, wakajaliwa watoto watatu, Jilala, Nkinda na mimi Minza ninayewasomea.

Kuanzia mwaka 1999 hadi alipougua alikuwa mlinzi wa hifadhi ya kijiji kando ya ziwa, na kila Septemba, mbayuwayu wanaotoka Ulaya walipoanza kulala kwenye matete, alishinda pale jioni, asiruhusu mtu kukata wala kuchoma mpaka ndege wapite, wavuvi wakimtania kwamba wageni wake hawalipi ushuru, naye akiwajibu kwamba hata wao pale mwaloni, wanaposhusha samaki, wanaukwepa.

Aliugua figo Februari 2024, akatibiwa Bariadi, na akafariki juzi Ijumaa, tarehe 12 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Sasa ndugu zangu mniwie radhi, maana hili linalofuata kamati ya mazishi ilitaka niliruke. Jana mchana vijana wetu, kwa nia njema, walikata matete yale yale ili wazungushie jiko la msiba, na jioni mbayuwayu walipozunguka juu yetu mpaka giza likaingia, baba mkubwa Ndalahwa alisema, "Wamekuja kumzika mwenzao," na wengi wenu mkafarijika. Hawakuja kumzika, walikuwa wanatafuta pa kulala, nami nilieleza hivyo kwa kila aliyenisikiliza, nikaambiwa nimechoka kwa kulia, nikapumzike.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani, wavuvi wa mwaloni, walinzi wenzake, na hata vijana waliokata, kwa sababu walitoka jasho kwa ajili yake.

Leo asubuhi kaka Jilala alipoanza kunoa panga afuate mzigo wa pili, nilitangulia ziwani, nikayazungushia matete yaliyobaki kamba za turubai, ndiyo maana wa upande ule mmekaa juani, mtusamehe, kisha nikasimama mbele ya kaka mpaka akarudi nyumbani mikono mitupu.

Lala, baba, zamu ya jioni ni yangu.