Mdogo Wake Rubani: Maisha ya Mzee Kuwabara Tokuji, 1919–1997

Mzee Kuwabara Tokuji, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 11 Machi 1919 mjini Kure, mkoa wa Hiroshima, mtoto wa pili wa fundi wa mabamba ya chuma katika karakana ya manowari. Kaka yake, Shigenobu, alimtangulia kwa miaka miwili na, kama marehemu alivyozoea kusema, kwa kila kitu kingine.

Alisoma shule ya msingi na sekondari papo hapo Kure, na Kiingereza alikimeza kama maji. Lakini ndoto ya ndugu hao ilikuwa moja: urubani wa jeshi la majini. Mwaka 1937 daktari alimpitisha Shigenobu, akamkataa Tokuji kwa sababu ya macho. Jioni mama yao alipika wali mwekundu wa maharage, wa sherehe ya mtu mmoja. Tokuji alisingizia tumbo, akalala na njaa.

Jeshi lilimchukua kwa ajili ya masikio yake. Kuanzia Aprili 1940 alikaa kituo cha siri karibu na Tokyo, akinasa redio za manowari za Wamarekani. Ujumbe ulitumwa kwa mafumbo, nayo hawakuweza kuyafumbua. Walichotambua ni nani anatuma, kutoka wapi, na kwa haraka gani. Nyumbani walijua ni karani tu. Shigenobu yeye aliruka kutoka kwenye manowari ya kubeba ndege, na akipita mtaani wenye maduka walitoka kumwinamia.

Katikati ya Mei 1942 ndugu hao walikutana nyumbani kwa siku moja. Fumie, mchumba wa Shigenobu, alikuwapo.

"Enhe, bwana masikio," Shigenobu alimtania, "huko ofisini unasikia nini? Mbu?"

"Nasikia wengi, kaka."

"Basi waue, mdogo wangu! Sisi wengine tuna kazi."

Watu walicheka. Fumie naye alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomchoma.

Siku tatu kabla, Tokuji alikuwa ameripoti kwamba ujumbe wa dharura kutoka Hawaii umezidi ghafla, kana kwamba adui anajiandaa kupokea wageni. Mkubwa wake wa kazi alisema, "Nimeona," akaiweka karatasi kando. Siku hiyo ya nyumbani Tokuji angeweza kumnong'oneza kaka yake mlangoni, "Jihadharini, wanawajua." Hakusema. Alimsaidia kufunga mzigo, akamtakia safari njema.

Mwezi Juni Wamarekani waliwavizia baharini; manowari ya Shigenobu iliungua na kuzama, naye hakurudi. Serikali ilitangaza ushindi. Tokuji aliupata ukweli kwenye redio za adui, akafungwa na kiapo cha kutunza siri za kazi, huku barua za nyumbani zikimwambia kwamba mama anampakulia Shigenobu wali kila siku ili arudi salama. Mama aliendelea kupakua kwa miezi mitano, hadi taarifa ya kifo ilipofika.

Baada ya vita marehemu alifungua duka la kutengeneza redio Kure, na tarehe 3 Novemba 1947 alimwoa Fumie. Hapo wivu ulihamia nyumbani. Picha ya Shigenobu ilikaa kwenye madhabahu ya nyumbani ya kuwakumbuka wafu, kijana wa miaka ishirini na mitano asiyezeeka, huku Tokuji akiota upara. Wakigombana alisema, "Kamuulize rubani wako!" Na kila sikukuu ya wafu, mapeasi aliyowekewa Shigenobu yalitoweka. Mabinti wao walisingiziwa miaka mingi, mpaka siku Mzee aliponaswa akitafuna.

Mwaka 1996 alipatikana na saratani ya mapafu. Januari iliyofuata, kitandani hospitalini, alimweleza Fumie kuhusu ile siku ya Mei. "Miaka yote nilijiambia ni kiapo," alisema. "Kiapo kilinifunga mdomo, lakini wivu ndio uliokaza fundo." Akaagiza habari hii isomwe mbele ya watu.

Fumie alimmiminia dawa. "Hata ungemwambia, asingekusikia. Angecheka tu."

"Na angerudi, ungeolewa naye?"

"Ningeolewa naye, ndiyo. Na mwaka wa pili ningekuwa nimemchoka. Wewe miaka arobaini na tisa unanikera, na bado sijakuchoka. Haya, kunywa dawa."

Alikunywa. Alifariki asubuhi ya tarehe 19 Februari 1997, Fumie akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Fumie. Mabinti wawili, Sayoko na Mitsue. Wakwe wawili na wajukuu watatu. Alale pema, mahali ambapo hakuna wa kushindana naye.