Koleo la Mama Perpétue

Wasikilizaji wapendwa, ni mimi Jairus, na leo sitaongea kwa upole. Jumamosi tulimzika Mama Perpétue hapa Minneapolis. Pale pale kaburini nikasikia mtu akinong'ona, "Si ndiye yule aliyezuia maombi?" Haya. Basi leo tuyaseme hadharani hayo maombi.

Mama Perpétue alizaliwa Kalehe, Kivu Kusini. Alipokuwa msichana, mvua kubwa iliporomosha udongo wa mlima, ukamfunika mama yake jikoni. Likumbukeni hilo. Mwaka 2009 alifika huku, akapanga Hopkins, akapata kazi ya kuhudumia wazee kule Roseville. Mzee mmoja pale alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye milima ya theluji. Mama Perpétue alimwogesha, naye akamfundisha theluji pale pale kitandani: unamwaga sukari kwenye trei, unga juu yake, kisha unainamisha trei kidogo. Unga wote unaondoka kwa pamoja, na ndivyo theluji ya mlimani inavyoporomoka.

Sasa, Minnesota haina milima, na sisi watu wa maombi tunataka mlima. Kwa hiyo Februari 2014 kanisa letu lilikodi mabasi madogo mawili, tukaendesha mpaka Montana kufunga na kuomba. Tulikuwa watu ishirini na sita, kumi kati yetu watoto. Asubuhi tukakuta theluji mpya ya kufika magotini. Pasta Sosthène akasema tupande.

Mama Perpétue alikuwa ametangulia na koleo. Kwenye mteremko mdogo, ulioelekea upande uleule na ule mkubwa tuliotaka kuupanda, alichimba shimo mpaka ardhini. Akakata nguzo ya theluji, akalaza koleo juu yake, akaligonga kwa kiganja. Mara kumi polepole, nguzo ikatulia. Akaongeza nguvu, na kwa pigo la pili theluji mpya ikateleza kipande kizima. Chini yake palikuwa na chembe kavu, kama sukari.

Akarudi akasimama katikati ya njia. "Hapa hakuna mutu atapita."

"Maman Perpétue, imani yako iko wapi?"

"Imani iko, Pasteur. Na ile sukari iko chini. Tutaombea kwa parking."

Nilicheka. Mimi Jairus nilicheka, nikamwambia aende akapike. Hakusogea hata hatua. Alisimama saa tatu nzima, mpaka tukarudi kuombea kwenye maegesho, tumenuna.

Na mlima haukuanguka. Haukuanguka siku ile, haukuanguka kesho yake. Wakamtoa kwenye kamati ya akina mama, wakamwita Mama Theluji. Binti yake, Héritière, ananiambia, "Tulimuomba aombe pardon, yaishe. Akasema, 'Pardon ya nini? Batoto biko bazima? Basi.'"

Miaka mitatu alibeba jina hilo, mpaka moyo wake ulipomshinda wiki iliyopita.

Héritière, wewe na ndugu zako, poleni sana. Mama yenu hakukosea. Nanyi mnaonong'ona, wahesabuni wale watoto kumi. Wawili ni wangu, na mkubwa juzi kapata leseni ya udereva. Mlima ungefanya nini, sijui, wala sitaki kujua. Tafakarini hilo kabla ya ibada ya Jumapili.

Koleo lake ninalo hapa studio. Februari tunarudi Montana, na mbele nitatangulia mimi. Anayetaka kucheka, acheke.