Mkungu wa Jaji

Mwaka tisini na sita, kwenye basi la kutoka Marangu, mama mmoja mbele yangu aliubana mkungu wa ndizi mshare katikati ya magoti. "Wa jaji," akamwambia mzee aliyekaa naye. "Serikali ilitaka kututoa kihambani, shamba letu la ukoo, kwenye makaburi ya wazee wetu, bila kutusikiliza. Jaji kasema agizo ni batili, linavunja Katiba."

Mzee akashtuka. "Mama, hiyo wataiita rushwa!"

"Rushwa hutangulia kesi, baba. Hii ni asante. Kwetu hatushukuru mikono mitupu."

"Lakini jaji hakukupendelea. Katiba ndiyo iliyokulinda."

Nilidhani mzee amemweza. Basi likasimama karibu na mahakama. Mama akajitwika mkungu. "Basi niambie, hiyo Katiba inakaa chumba gani? Nayo haitakosa ndizi zake."