Selpha Ajiambo Wandera, Mshika Ufunguo wa Kanisa la Naro Moru

Desturi ni ndugu wa familia kusoma wasifu, lakini mimi, Jackton Wandera, mume wa marehemu, nimeomba nisome mwenyewe, na kabla sijaanza nagusia swali mliloniuliza tangu asubuhi, kwa nini tumekaa nje kwenye hema na baridi hii, ilhali kanisa alilolitunza Selpha kwa miaka kumi na minane liko hapo nyuma yetu, limefungwa. Ni mimi niliyelifunga, na sababu mtaisikia mahali pake.

Selpha alizaliwa tarehe 14 Agosti 1969 karibu na Funyula, Busia, mtoto wa tatu kati ya sita. Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akamaliza sekondari mwaka 1986, akasomea uhazili Kakamega, na tarehe 3 Aprili 1989 akaajiriwa karani katika ofisi ya kilimo mjini Nyeri, ambako nilimkuta nilipotoka chuo kikuu, mwalimu mpya wa biolojia. Tulifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1992, tukajaliwa Phoebe mwaka 1994 na Chris mwaka 1998, na mwaka 2003 tukahamia hapa Naro Moru.

Mwaka 2007 alikabidhiwa ufunguo wa kanisa, kazi isiyo na mshahara, na tangu hapo kila Jumamosi, yeye na jirani yetu Mutanu, walifagia, wakapangusa viti, wakabadilisha maua, na vitambaa vya madhabahu alivifua nyumbani, akavipiga pasi mwenyewe, kwa kuwa pasi yangu hakuiamini.

Popo waliishi kwenye dari ya kanisa kabla hatujafika, na kinyesi chao hudondoka kupitia nyufa za mbao, kikakauka, kikawa vumbi. Niliwahi kumwambia anyunyize maji kabla ya kufagia, akanijibu, "Mwalimu, sakafu ni ya mbao, itavimba, hiyo sayansi yako peleka kwa Form Three," nikacheka, na sikulirudia.

Jumamosi tarehe 13 Januari 2024, tukijiandaa kwa kipaimara, alipanda darini akazoa kinyesi hicho, magunia saba, Mutanu akiyapokea chini, na aliyeshika ngazi ni mimi, niliyekuwa nimefundisha biolojia kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikumfunga hata leso puani.

Mwezi wa Februari alianza kukohoa. Mwezi wa Mei alianzishiwa dawa za kifua kikuu, ingawa makohozi hayakuonyesha kitu, akazimeza miezi sita bila kukosa siku, huku akiendelea kufagia. Machi 2025 daktari jijini Nairobi alipima kipande cha pafu, akakuta kuvu, akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza, kama kuna mahali alipokaa na popo, maana kuvu hiyo huota kwenye kinyesi chao, na Selpha akanigeukia mimi. Dawa zilibadilishwa, lakini mapafu yalikuwa yameharibika, na Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, alifariki hospitalini Nyeri, nikiwa kando yake.

Jana nilikuta orodha ya zamu imebandikwa kwenye mlango wa kanisa, kufagia Jumamosi hii kwa heshima ya Selpha, na jina la kwanza ni la Mutanu. Mutanu amekohoa wiki ya tatu sasa, ameniruhusu niseme, na Jumatatu nitampeleka mwenyewe kwa daktari yule wa Nairobi. Kasisi Gatimu ameniomba ufunguo, nami namjibu hapa, mbele ya jeneza, kwamba nitautoa siku dari itakapong'olewa na watu wenye vifaa, na si kabla ya hapo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hatuwalaumu, majirani waliotuletea chakula, hasa Mama Wangui, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya kilimo, na walimu wenzangu walioshika vipindi vyangu. Kesho alfajiri tunamsafirisha kwenda Funyula.

Pumzika sasa, Mama Phoebe. Umefagia vya kutosha, na Jumamosi hii hakuna atakayeingia humo na ufagio.