Magoti Yangu Haina Pepo

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Nitatoa ushuhuda yangu nikiwa nimekaa ku kiti, na leo hakuna mwenye atanisimamisha.

Munanijua, miye njo Mama Odile wa hapa ku mutaa wa Kenya, muuza makala ya kupikia. Tangu miaka mingi munasema: "Huyu mama iko na kiburi, hapigi magoti ku maombi." Mulinifungisha kula. Mulinimwangia mafuta mpaka nguo ikaharibika. Mara saba mulifukuza pepo ya kiburi, na mara saba nilirudia ku nyumba moyo ikidunda na tumbo ikiwaka. Nimechoka nayo, ndugu zangu. Hakuna hata mumoja aliuliza hii magoti ilipita wapi.

Basi musikie. Mama yangu alikufa niko na miaka sita. Balinipeleka kwa tantine, dada ya baba, ku mutaa wa Hewa Bora. Baba alikuwa dereva wa camion ya mizigo, siku yake yote iliishia mu foleni ya Kasumbalesa, ku mupaka. Kwa tantine, ukivunja kikombe unapiga magoti juu ya kokoto, mikono juu, mpaka yeye achoke. Ukilia, anaongeza. Majirani balikuwa banasema: "Acheni, mutoto anasahau."

Mutoto anasahau! Niko na miaka makumi ine na moja, na goti ikigusa chini, jasho inatoka. Bidonda bya tumbo biko, tansio ya damu iko juu. Nesi wa ku hospitali njo wa kwanza kuniuliza: "Mama, ku butoto yako ulipita mu nini?" Nililia mpaka akafunga mulango. Alinipa dawa ya kila siku, akasema mwili yangu ingali inangojea fimbo ya tantine.

Lakini sikukombolewa ile siku. Siku ingine Grâce, mutoto wangu wa miaka saba, alivunja sahani. Sikumwambia kitu. Nilitoka inje, nikamukuta tayari juu ya kokoto ya mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu, mikono juu, macho kavu. Alikuwa amezoea. Nani alimuzoeza? Miye. Miye mwenye kumulaumu tantine kila siku.

Nilimuita Mungu pale pale, nimesimama. Nikamuinua mutoto, nikapangusa magoti yake, nikamwambia: "Grâce, miye njo nilikosa. Ukivunja kitu, kuja uniambie, tutaokota pamoja." Tulikamata ndoo, siye babili, tukatosha kokoto yote inje ya lupango. Hakuamini mara moja. Kitu ikianguka, alikuwa anaangalia mikono yangu. Na miye nilikosa tena, nikapiga kelele, nikarudia kumuomba musamaha. Ile kazi hakuna mafuta yenye kuimaliza, ni ya kila siku.

Ndugu zangu, mukiwa na mutoto mwenye kunyamaza sana, musikimbilie kusema iko na adabu. Mumuulize. Na weye mwenye mwili inakutesa, enda upime tansio, kisha kuja tusali. Umutumainie Mungu, anasikia hata mwenye kukaa.

Juma iliyopita nilisikia glasi inapasuka mu jikoni. Moyo ikaruka, njo vile iko. Hata sijasimama bado, Grâce alikuwa amefika kwangu mbio.

"Mama, nimevunja. Leta ufagio."

Asante, Bwana. Nilileta ufagio.