Jina Jekundu Langoni

Gogo tunalokalia hapa Gede ni nguzo ya umeme iliyoanguka mwaka ule wa mvua nyingi, na wenyewe hawakurudi kuichukua. Tumeilaza juu ya mawe mawili mbele ya duka la Farid la chaja za simu, na kila jioni zamu ya kiwanda cha korosho ikitoka, Taib muuza kahawa hutua dele lake, birika la shaba, na vikombe vyake tukaanza kubishana. Farid tunamwita Wakili kwa kuwa aliwahi kuwa karani wa mwanasheria miezi mitatu, na hiyo miezi mitatu haijaisha mpaka leo. Sanga hupakia magunia kiwandani, naye ni Redio, isipokuwa redio huzimika. Kaingu huendesha kompresa, mashine inayosukuma hewa kwenye mabomba ili zile mashine za kuvunja korosho zifanye kazi. Mimi huvunja korosho hatua nne kutoka kwake, na hapa kijiweni naitwa Mpole, maana sibishani na mtu. Jumatano hiyo Kaingu alikuja na barua mfukoni, na kahawa ikaingia uchungu usiokuwa wake.

Redio: Isome tena.

Kaingu: Nimeisoma mara mbili, Sanga. Unataka niiimbe?

Wakili: Isome. Sheria iko kwenye nukta na mkato.

Kaingu: "Imebainika kwamba mashine nambari tatu, inayoendeshwa na wewe, imetumia umeme kupita kiasi siku ishirini na tano kati ya siku ishirini na sita. Fika ofisini kesho Alhamisi saa tatu asubuhi, ueleze kwa nini usiachishwe kazi."

Taib: Lahaula. Miaka mingapi pale, mwanangu?

Kaingu: Kumi na mmoja.

Taib akammiminia bila kuulizwa.

Niwaeleze habari ya mita, kwa sababu ndiyo mama wa balaa lote. Alikuja fundi kutoka Nairobi, Musembi, mtu wa heshima zake, akafunga kimita kwenye kila mashine, vyote vikaunganishwa na skrini kubwa langoni. Mashine ikila umeme kwa kiasi chake, mstari wake ni kijani. Ikizidisha, mwekundu. Musembi alitukusanya akasema ukijua umeme unapotelea wapi, utajua pa kuziba. Maneno mazuri kabisa, sina ugomvi nayo. Lakini Musembi hakumaliza hata wiki, nyapara wetu Hesbon akaagiza kila mashine iandikwe jina la mwendeshaji, ati ili mtu aone uchungu. Tangu siku hiyo ukiingia kazini wa kwanza kukusalimu ni KAINGU, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama tangazo la msiba.

Wakili: Basi sikilizeni hoja yangu. Hiyo mita iliapishwa?

Redio: Iapishwe vipi? Ina mkono?

Wakili: Ndiyo maana! Shahidi asiyeapa si shahidi. Kaingu, kesho ingia, usiseme neno. Sema, "Mleteni mita aape."

Kaingu: Halafu?

Wakili: Halafu wamekwisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kaingu: Mgeni ni nani hapo?

Wakili: Mita.

Kaingu: Na mwenyeji aliyepona ni nani?

Wakili akanywa kahawa.

Redio: Mimi nawaambia siri. Huo umeme hauliwi na mashine. Unapitishwa chini kwa chini mpaka Watamu, kupoza mvinyo wa Wataliano. Nimeona waya kwa macho yangu.

Taib: Ulikuwa wa simu ule.

Redio: Ndivyo wanavyotaka udhani! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama.

Taib: Mie nina swali dogo. Hiyo skrini inazimwa?

Kaingu: Haizimwi. Usiku na mchana.

Taib: Kubwa?

Kaingu: Kama mlango.

Taib: Nayo inapimwa na nani?

Hilo hatukuwahi kulifikiri.

Kaingu: Skrini haina jina, ami.

Redio: Ahaa! Basi dawa tumeipata. Wabadilishe jina. Mashine nambari tatu waandike jina la babu yangu marehemu. Awe mwekundu mpaka kiama, watamfukuza wapi? Kaburini?

Tulicheka, hata Kaingu. Cheko lenyewe halikufika mbali.

Wakili: Ngojeni kwanza. Siku ishirini na tano kati ya ishirini na sita. Ile moja?

Kaingu: Ipi?

Wakili: Iliyokuwa kijani. Ulifanya nini siku hiyo?

Kaingu: Nilifanya kazi vizuri.

Akaweka kikombe chini, na kwa mara ya kwanza jioni ile akaongea moja kwa moja.

Kaingu: Korosho zinapikwa kwanza, si mnajua? Hazitoki kwenye mvuke mpaka saa tatu. Kabla ya saa tatu hakuna mtu anayehitaji hewa yangu. Lakini mimi nawasha kompresa saa kumi na mbili, kila siku, miaka kumi na mmoja. Musembi aliniuliza, "Fundi, masaa haya matatu unasukuma hewa inakwenda wapi?" Nikamwambia haiendi mahali. Akasema, "Basi usiwashe." Kesho yake sikuwasha. Nikakaa zangu na kitambaa, nikafuta mashine.

Redio: Siku hiyo naikumbuka! Tajiri!

Kaingu: Tajiri nyumba yake si iko nyuma ya ukuta wa kiwanda chake? Akaamka, kimya. Alitoka mbio na kikoi, povu la mswaki mdomoni, anauliza nani amekufa. Nikamwambia hajafa mtu, ndiyo kupunguza umeme. Akasema kiwanda kisichonguruma kimelala, na yeye halishi watu waliolala. "Washa!" Nilisubiri hadi saa tatu, kwa sababu Musembi alikuwa bado yupo, na tajiri akamwonea haya. Musembi alipopanda gari kurudi kwao, nikaambiwa nirudie saa kumi na mbili.

Redio: Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ndiyo maana tajiri hataki kimya.

Wakili: Nani aliyekuambia urudie? Tajiri mwenyewe?

Kaingu: Tajiri mwenyewe, na Hesbon kando yake.

Wakili: Kwa barua?

Kaingu: Kwa mdomo. Wewe ushaona barua ya kuwasha mashine?

Wakili: Hapo umekosea, kaka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kaingu: Mimi nililisikia la mkuu, Farid. Ndilo lililonivunja guu.

Wakili akaiomba barua, akaanza kuhesabu nukta na mkato. Taib alisogeza makaa, akauliza kwa upole kama anauliza bei ya sukari.

Taib: Na mabomba? Uliwahi kuniambia yanavuja.

Kaingu: Yanavuja sehemu tisa. Nimeyafunga kwa mpira wa tyubu za baiskeli, kila mmoja anayaona. Nimeandika kwenye daftari la matengenezo mpaka daftari limejaa. Musembi naye aliandika kwenye ripoti: zibeni mabomba, washeni saa tatu. Ripoti iko mezani kwa tajiri.

Taib: Basi tajiri anajua.

Kaingu: Anajua vizuri. Lakini kubadilisha bomba ni kusimamisha kiwanda siku nne. Kubadilisha Kaingu ni karatasi moja.

Sasa lipo jambo la tatu, na nimelichelewesha kwa sababu linanihusu. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, na vumbi lake likikukaa shingoni utajikuna mpaka uchubuke. Kwa hiyo pale kwetu kuna desturi. Zamu ikitoka saa kumi, hakuna anayekwenda bombani kunawa, maana maji ni ya foleni na mara nyingi hayapo. Tunapanga mstari kwenye mpira wa hewa wa Kaingu, tunajipuliza: kichwa, kwapa, mgongo, viatu. Wanawake hupuliza leso, vijana hupuliza hata nywele zikae vizuri. Watu themanini, kila mmoja na dakika zake mbili, wengine tatu. Kompresa inanguruma tu, na Kaingu amesimama pale akingoja wa mwisho aende nyumbani safi. Umeme wote huo unaandikwa jina la nani? Tulipoona jina lake limekuwa jekundu tulimpa pole, halafu tukapanga mstari tukajipuliza.

Redio: Mimi nadhani mita ile inasoma roho. Wallahi. Mtu akiwa na kinyongo, damu inachemka, mita inashika joto. Kaingu, wewe una kinyongo na nani?

Kaingu: Nilikuwa sina.

Redio: Basi ndiyo hivyo! Kesho kabla ya kuingia, uoge kwa maji ya waridi, ucheke na kila mtu, utaona kijani.

Wakili: Ubani pia. Kwenye mabomba huingia majini, hupenda upepo. Haba na haba hujaza kibaba.

Taib: Majini yana haba na haba gani?

Wakili: Yakiingia mojamoja.

Redio: Au amshtaki tajiri kwa kelele! Amshtaki, aseme mngurumo umemtoboa sikio. Malipo yake ni kiwanda kizima. Kaingu unakuwa tajiri, sisi manyapara.

Wakili: Hiyo kesi naichukua bure.

Nilicheka nao. Nilikuwa na hasira na kila mmoja wao, na zaidi na nafsi yangu, na bado nilicheka. Ndivyo kijiwe kilivyo: ukiwa na jambo zito unalileta hapa, likageuzwa geuzwa mpaka likawa jepesi kwa kila mtu isipokuwa mwenyewe.

Hapo ndipo akafika Kadii. Ni mtu wa Rabai, ana wiki mbili tu kwenye chumba cha kumenya, amepanga chumba nyuma ya soko. Alikuwa na mkoba wa unga mkononi. Wanawake hawakai kwenye gogo letu, naye hakukaa.

Kadii: Shikamooni.

Taib: Marahaba, mama. Karibu kahawa.

Kadii: Ahsante, sikai. Fundi Kaingu, nimeambiwa una kikao kesho.

Kaingu: Saa tatu.

Kadii: Pole. Juzi uliningoja nijipulize, nilikuwa wa mwisho, nikaona haya hata kukushukuru.

Kaingu: Si kitu.

Kadii akatuangalia, mmoja baada ya mwengine. Hakuwa na ukali hata kidogo. Laiti angekuwa nao, tungepata pa kushika.

Kadii: Kwani kesho nani anaingia naye?

Sote tukainamia vikombe.

Kadii: Maana nimewaona tangu kule dukani mnanyosheana mikono, nikadhani ndicho mnachokipanga. Hao wazee wa kazi wanaojua habari ya saa kumi na mbili, na ya mabomba. Si wakiingia wawili watatu wakasema, itakuwa neno la watu?

Wakili: Mimi kisheria si mfanyakazi wa pale. Nikiingia, kesi inaharibika.

Kadii: Sawa, kaka. Na wewe?

Redio alitazama vidole vyake vya miguu.

Redio: Mimi... siku hiyo ya kikoi nilikuwa na gunia kichwani. Ukiwa na gunia kichwani huoni vizuri.

Kaingu: Mwacheni, Kadii. Mimi sikumwomba mtu.

Ni kweli, hakuomba. Lakini alikuja na barua. Mtu aliyeridhika kwenda peke yake haisomi barua mara tatu mbele ya watu. Aliisoma kwa Wakili mara moja na kwa Redio mara moja, na ile mara ya tatu aliisoma huku ananiangalia mimi.

Taib aliliinua dele akalitikisa, akaliinamisha juu ya kikombe cha Kaingu. Likatoka tone moja na machicha. Akasema kahawa imekwisha, akaanza kukusanya vikombe kabla hata hatujavimaliza.

Kadii alikuwa bado amesimama.

Kadii: Na wewe, kaka Mpole? Nasikia ndiye uliye karibu naye zaidi. Hatua nne.

Kaingu alinitazama. Hakuwa na lawama, alikuwa anangoja tu, namna ile anavyongoja kila siku watu wajipulize wamalize. Nilijua kila kitu: kikoi, povu, "Washa!", Hesbon kando, mabomba tisa, mstari wa watu themanini na mimi mle ndani. Sentensi moja ingetosha.

Nikasema, "Kesho saa tatu niko zamu."

Kadii akaitikia kwa kichwa, akaaga, akaenda zake na unga wake. Kaingu akasema si kitu, kazi ni kazi, akanipiga bega.

Sikuwa nimesema uongo. Hesbon alikuwa ameniita mchana ule, kabla barua haijamfikia Kaingu, akanionyesha orodha ya skrini ya kesho. Kesho saa kumi na mbili mimi ndiye ninayewasha nambari tatu, na jina langu walikuwa wameshaliandika.