Bingwa wa Usingizi

MSUMENO: Haloo! Nani huyo anayemwamsha bingwa wa usingizi mchana kweupe?

DADA: Ni mimi dada yako, we kichaa. Ulikuwa umelala?

MSUMENO: Shikamoo dada. Sijalala, natania. Lakini usiku, dada! Nikigusa mto tu, kwisha habari. Mwizi anaweza kunibeba na kitanda akaniuza, nikaamkia kwa mnunuzi.

DADA: Marahaba. Kweli lakini?

MSUMENO: Haki ya nani.

DADA: Maana nimetoka kumpigia msimamizi wako. Anasema ule msumeno wa umeme huugusi mpaka aone lile daftari la usingizi ulilopewa na muuguzi ujaze. Usiku saba mfululizo umelala vizuri, unarudi kazini. Vinginevyo anaweka mtu mwingine. Jumatatu ndiyo mwisho.

MSUMENO: Kisa shati!

DADA: Shati? Umesinzia kwenye mashine, imekula mkono wa shati mpaka kiwikoni—

MSUMENO: Shati lenyewe lilikuwa limechakaa.

DADA: Usinichekeshe, sina hamu. Nimekudhamini kwa mdomo wangu huu. Masharti unayafuata?

MSUMENO: Yote. Chai ya jioni nimeacha. Simu kitandani marufuku. Usingizi ukigoma dakika ishirini, unaamka, unakaa kwenye kiti mpaka uje. Kiti hicho sasa kinanijua kuliko—

DADA: Kuliko nani?

MSUMENO: Eeh... mtandao huo, dada. Unakwaruza.

DADA: Mtandao mzima kabisa. Nisomee daftari.

MSUMENO: Sasa hivi?

DADA: Sasa hivi.

MSUMENO: [karatasi zinafunuliwa] Haya. Jumatatu, saa nane za usingizi. Jumanne, saa nane. Jumatano saa saba na nusu, kulikuwa na mbu. Alhamisi nane. Ijumaa nane. Jumamosi nane, Jumapili—

DADA: Ngoja. Leo siku gani?

[karatasi zinafunuliwa tena]

DADA: Mdogo wangu. Leo siku gani?

MSUMENO: ...Ijumaa.

DADA: Jumapili umeilala lini?

MSUMENO: Nimejiwekea akiba.

DADA: Mungu wangu.

MSUMENO: Dada, sikiliza, nitalala tu. Ni mambo ya—

DADA: Nani anaongea hapo?

MSUMENO: Jirani tu, Mama Pacha. Anaanika nguo.

DADA: Mpe simu.

MSUMENO: Ana mikono ya sabuni.

DADA: Mpe!

[mkwaruzo]

MAMA PACHA: Haloo, mwanangu wa hiari. Poleni bado na msiba.

DADA: Tumeshapoa, mama. Miezi minne sasa. Niambie ukweli, huyu analala?

MAMA PACHA: Mh. Yuko hapa ananikodolea macho.

DADA: Akukodolee. Sisi huyu tulimwita Msumeno kwa kukoroma, hata kabla hajaushika msumeno wenyewe. Unamsikia?

MAMA PACHA: Tunatenganishwa na tofali moja. Tangu mama yenu atutoke, sijasikia mkoromo hata wa dakika tano.

DADA: Anafanya nini, sasa?

MAMA PACHA: Anakaa kwenye kile kiti. Chumbani kwa marehemu.

DADA: Kile cha kumuuguzia mama?

MAMA PACHA: Hicho hicho. Si unajua mama mwishoni sauti ilikatika? Akitaka maji, anagonga kikombe kwa kijiko. Mara mbili. Kijana anaruka. Miaka miwili, usiku kucha, peke yake.

DADA: Mimi nilikuwa mbali, mama. Nilikuwa...

MAMA PACHA: Sijakulaumu, mwanangu. Basi ndiyo mazoea. Anatega sikio. Mimi mwenyewe aliniomba nisioshe vyombo usiku.

DADA: Lakini mwezi uliopita aliniambia anaanza kupata nafuu. Alikuwa analala hata saa nne mfululizo.

MAMA PACHA: Ni kweli.

DADA: Halafu?

MAMA PACHA: Halafu... Wiki tatu zilizopita nilimsikia anauliza, "Mama, maji?" Anauliza, ananyamaza. Anauliza, ananyamaza. Moyo uliniuma, mwanangu. Nikasema, huyu akijibiwa mara moja atatulia.

DADA: Ukafanya nini?

MAMA PACHA: Nikagonga kikombe changu. Mara mbili tu, taratibu. Ili alale.

DADA: Akalala?

MAMA PACHA: Tangu siku hiyo hajaondoka kwenye kiti. Wiki iliyofuata ndiyo mashine ikala shati.

MSUMENO: [kwa mbali] Nini?

MAMA PACHA: Baba, nilitaka—

MSUMENO: Lete simu. Mama Pacha, lete. Umesema nini?

DADA: Mdogo wangu, nisikilize mimi—

MSUMENO: Dada, nilisikia. Sikukwambia kwa sababu ungenicheka. Niliisikia sauti ya kikombe kwa masikio yangu.

DADA: Najua.

MSUMENO: Ile ilikuwa... Kila usiku nampelekea maji.

DADA: Jamani, salio langu linaisha. Nitamwambia nini msimamizi Jumatatu?

MSUMENO: Mama Pacha, nitazame. Ilikuwa wewe?

MAMA PACHA: [kwa mbali] Ilikuwa mimi, baba.

DADA: Haloo? Usikate, ongea na mi—